Kusimamisha mota bila kuiunguza: amua kwanza joto liende wapi

Mimi ni fundi wa mota. Kazi yangu kubwa ni kusuka upya koili za mota zilizoungua, na wateja wangu wengi ni maseremala wa Keko, Dar es Salaam. Ombi linalojirudia ni moja: "Fundi, nifungie breki, huu msumeno unachelewa kusimama." Wana haki. Msumeno wa mkanda wenye magurudumu ya chuma cha kuyeyusha ukizimwa huendelea kuzunguka dakika mbili, tatu, na kwa kelele ya randa ya jirani huwezi kusikia kwamba bado unazunguka. Kijana anapeleka mkono kupangusa unga wa mbao, vidole vinabaki mezani. Uingereza mashine nyingi za mbao zinatakiwa zisimame ndani ya sekunde 10. Huku kwetu bado tunategemea macho.

Shida ni kwamba ombi hilo likitekelezwa kwa haraka, mashine inasimama vizuri kwa mwezi mmoja, halafu mota inaletwa kwangu imenuka vanishi. Mwenye mashine analaumu umeme, kumbe breki ndiyo iliyoiua.

Breki haifuti mwendo. Inaugeuza joto, na joto hilo lazima liishie mahali fulani: ndani ya rota (sehemu ya mota inayozunguka), kwenye koili za steta (sehemu iliyotulia inayoizunguka), kwenye rezista iliyofungwa nje, au kwenye bitana ya breki. Kwa hiyo kabla ya kuchora waya wowote mimi huuliza joto litaishia wapi, na litaishia hapo mara ngapi kwa saa. Ukijibu hayo mawili, karibu kila kitu kingine kinajipanga chenyewe.

Pima mzigo kwa hesabu, usipime kwa macho

Tuchukue msumeno wa mkanda wa kawaida: magurudumu mawili ya kipenyo cha milimita 800, kila moja kilo 40 hivi, mzunguko 700 kwa dakika, mota ya kilowati 4 yenye poli 4 inayokimbia 1440. Uzito mwingi wa gurudumu uko kwenye ukingo, basi hali-zunguko ya yote mawili, yaani ukaidi wake wa kubadilisha mwendo, ni kama 9 kwa kipimo cha kilo mara mita mraba. Mzunguko 700 ni radiani 73 kwa sekunde. Nusu ya 9, mara 73, mara 73: unapata jouli 24,000. Hiyo ndiyo nishati iliyomo magurudumuni ukibonyeza kitufe chekundu.

Linganisha na diski ya msumeno wa duara ya milimita 400 yenye kilo mbili na nusu. Hata ikizunguka 2880, ina jouli 2,300 tu. Ndiyo maana fundi aliyezoea kufunga breki kwenye misumeno ya duara hudanganyika anapohamia kwenye mkanda. Waya ni zile zile, joto ni mara kumi.

Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wengi hawafundishwi. Mota ya kawaida ya fezi tatu ikiwashwa moja kwa moja kutoka kusimama, rota yake inapata joto sawa na nishati inayowekwa kwenye mzigo. Yaani kuuwasha tu msumeno wetu ni jouli 24,000 ndani ya rota, na steta inapata kiasi kinachokaribiana na hicho. Ukiusimamisha kwa kuingiza umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), rota inapata nyingine 24,000. Ukiusimamisha kwa kugeuza fezi, rota inapata mara tatu yake: 72,000.

Kugeuza fezi: najua inavutia

Kugeuza fezi kunapendwa kwa sababu ni rahisi: kontakta mbili (swichi zinazovutwa na sumaku), unabadilisha fezi mbili, mota inapigana na mwendo wake yenyewe na kusimama kwa sekunde chache. Haihitaji transfoma wala rektifaya (kifaa cha kugeuza AC kuwa DC). Na mkondo wake ni mkubwa kuliko hata ule wa kuwashia, ambao wenyewe ni mara sita hadi nane ya ule ulioandikwa kwenye kibati cha mota.

Rota ya mota ile ya kilowati 4 ina uzito wa kama kilo 8. Kila kusimama kwa kugeuza fezi kunaipandisha takriban nyuzijoto 19, na kuwasha tena kunaongeza 6. Joto hilo halitoki upesi, maana rota imefungiwa ndani na feni iko kwenye shafti ile ile iliyosimama. Fanya hivyo kila dakika chache, grisi ya beringi inaanza kuvuja, nondo za alumini za rota zinatanuka na kusinyaa hadi zinapata ufa. Ovalodi, kinga ya kuzidiwa mkondo kwenye paneli, inaweza isijue lolote, kwa kuwa yenyewe inasoma mkondo wa waya na haioni rota.

Kuna hatari nyingine isiyohusu joto. Bila swichi ya mwendo-sifuri kwenye shafti, ile inayokata umeme mwendo ukiisha, mota ikishasimama inaanza kuzunguka kinyume. Nimeona paneli ambapo swichi hiyo imebadilishwa na taima "kwa makadirio". Mkanda mpya ukilegea kidogo, au volti zikishuka jioni, makadirio hayo yanakosa na msumeno unarudi nyuma. Kwenye msumeno wa duara ni mbaya zaidi: breki kali inaweza kulegeza nati inayoshika diski. Flenji ikiwa haina kifungio cha kuizuia isizunguke kwenye shafti, usifunge breki kali ya aina yoyote hapo.

Kwa hiyo kugeuza fezi nawaachia mashine ndogo zisizosimamishwa mara nyingi, zenye swichi ya mwendo-sifuri iliyo nzima. Kwenye msumeno wa mkanda siifungi, hata mteja akilia bei.

Kuingiza DC: hii ndiyo ninayofunga mara nyingi

Ukipitisha umeme wa DC kwenye koili za steta, unatengeneza sumaku iliyosimama. Rota ikikatiza sumaku hiyo inazalisha mkondo ndani ya nondo zake, na mkondo huo unaikaba. Ikisimama, ukabaji unakwisha wenyewe. Haiwezi kurudi nyuma. Uzuri wake ni huo.

Kabla ya kushika chochote: zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako, kisha hakikisha kwa tesita kwamba fezi zote tatu zimekufa. Keko paneli moja hulisha mashine mbili tatu, na jirani akiona giza ataenda kuwasha.

Anza kwa kupima ukinzani wa koili kati ya fezi mbili, mota ikiwa baridi. Mita ya kawaida haifai hapa, maana waya zake zenyewe zina sehemu ya omu na wewe unapima omu mbili. Mimi natumia betri ya gari: napitisha umeme wa volti 12 kwenye koili, nasoma ampea kwa klempu mita inayosoma DC, nasoma volti palepale kwenye vichwa vya mota, kisha nagawa. Mota yetu, iliyofungwa delta kwa volti 400, inatoa kama omu 2.1. Andika namba hiyo na joto la chumba kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko cha boksi la mota. Utaihitaji baadaye.

Mkondo wa kusimamishia uanzie mara moja na nusu ya mkondo wa kibati, na mara mbili unatosha kwa msumeno huu. Kibati kinasema ampea 8.5, basi tunalenga 17. Volti za DC ni 17 mara 2.1, sawa na 36. Rektifaya ya daraja hutoa asilimia 90 ya volti za AC zinazoingia, na diodi zinakula kama mbili, kwa hiyo transfoma inayofaa ni ya kutoa volti 42, ukubwa wa VA 750 au 800. Ndogo zaidi inaweza kuvumilia kwa kuwa inafanya kazi sekunde chache, lakini sipendi transfoma iwe kitu cha pili kunuka. Rektifaya ya ampea 35 ifungwe kwenye bati nene la alumini, na fyuzi iwekwe pande zote mbili za transfoma.

Angalia kinachotokea ndani ya delta. Umeme ukiingia kwa vichwa viwili, koili moja inabeba theluthi mbili ya mkondo na zile mbili nyingine, zikiwa mfululizo, zinabeba theluthi. Koili hiyo moja inapata ampea 11, wakati kazini hupata 5. Joto lake ni zaidi ya mara tano ya kawaida, na feni inapunguza kasi. Kwa sekunde 15 si neno: mota nzima inapata jouli 9,000 hivi kwenye steta. Kwa dakika 10, kama kontakta imenasa au taima imekufa, ni zaidi ya 360,000, na hapo utaniletea niisuke.

Mpangilio wa kontakta basi ndio roho ya kazi. K1 inalisha mota umeme wa kawaida, K2 inaunganisha rektifaya na mota kwa nguzo mbili. Zisifunge pamoja hata kwa nukta moja: weka kifungio cha chuma katikati yake, na juu ya hapo pitisha koili ya kila moja kwenye kontakti funge ya mwenzake (ile inayokuwa imeunganika mwenzake akiwa amezimwa). Kimoja hakitoshi. Vikifunga pamoja, volti 400 zinaingia kwenye rektifaya na transfoma, na kishindo chake utakisikia.

Kitufe chekundu kikibonyezwa, K1 ifunguke, kisha subiri sekunde moja. Hiyo sekunde ina sababu: mota iliyotoka kuzimwa bado ina sumaku ndani na inazalisha volti zake. Ikikutana na rektifaya mapema, diodi zinapasuka. Baada ya hapo K2 inafunga, na mwisho kabisa unawasha upande wa kuingilia wa transfoma kwa kontakta ndogo ya tatu. Wakati wa kumaliza, geuza utaratibu: zima transfoma kwanza, ndipo K2 ifunguke. Kukata DC kwenye koili kunaleta cheche ndefu zinazokula kontakti. Ukikata upande wa AC, mkondo unazunguka ndani ya diodi na kufa taratibu.

Taima ya kusimamisha iwe muda halisi wa kusimama ukiongeza sekunde mbili, basi. Wapo wanaoweka dakika nzima "kwa usalama". Mota iliyosimama haihitaji DC, na hapo unapika koili bila feni. Mimi huweka taima ya pili, ya muda mrefu kidogo, inayokata transfoma peke yake endapo ya kwanza itagoma. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na waya wa shaba.

Ziko breki za kielektroniki zilizotengenezwa tayari, kiboksi kimoja chenye skrubu za kurekebisha mkondo na muda. Ni safi na zinaokoa nafasi. Kama mteja ana fedha nashauri hizo, mradi ufuate mchoro uliokuja nazo na usichomoe vifungio vyake kwa kuwa "mashine imekataa kuwaka".

Mara ngapi kwa saa?

Kwa breki ya DC, kuwasha na kusimamisha mara moja msumeno huu kunaiachia mota jouli kama 80,000, ukijumlisha rota na steta. Mota hiyo hiyo ikifanya kazi kwa mzigo kamili hutoa joto la jouli kama 39,000 kwa dakika. Basi kila mzunguko wa kuwasha na kuzima ni sawa na dakika mbili za kazi nzito. Kwa kugeuza fezi unakaribia dakika tano.

Mara 6 kwa saa, msumeno unaopasua mbao laini hautatetereka. Mara 20 kwa saa, umeshatumia dakika 40 za joto kabla hujakata ubao hata mmoja, tena chini ya mabati ya mchana wa Dar. Mwambie mwenye mashine ukweli huo. Wengi huzima msumeno kila baada ya ubao mmoja kwa mazoea tu. Wakipanga mbao zao kwanza, nusu ya kuzima kunaisha na hakuna paneli inayoweza kushinda hilo. Angalia pia kibati: kikiandikwa S1, mota ilitengenezwa kwa kazi ya mfululizo. Kazi ya kuwasha na kusimamisha kwa breki ya umeme mara kwa mara ina alama yake, S5.

Inveta na rezista

Ikiwa mashine lazima isimame mara nyingi, toa joto nje ya mota. Inveta, kifaa kinachobadilisha masafa ya umeme ili kubadilisha kasi ya mota, inashusha masafa polepole, mota inageuka jenereta, na umeme unarudi ndani ya inveta. Kwa umeme wa volti 400, ndani kuna DC ya kama volti 565. Mwendo ukirudi kwa nguvu, volti zinapanda. Zikifika kwenye mia saba na kitu, inveta yenye swichi ya breki inazimwaga kwenye rezista. Isipokuwa na rezista, zitapanda hadi inveta ijizime yenyewe, na msumeno utaendelea kuzunguka bila breki yoyote. Fundi asiyejua anarefusha muda wa kushuka hadi kosa linapotea kwenye kioo cha inveta, kisha anasema amemaliza. Kurefusha si kosa kama msumeno bado unasimama kwa muda unaokubalika. Pima kwa saa.

Omu za rezista zisiwe chini ya kile kitabu cha inveta kinaruhusu, maana swichi ya ndani itaungua. Na mahali pa kuifunga ni muhimu kuliko omu zenyewe. Rezista inaweza kuwaka moto wa kutisha. Ndani ya karakana iliyojaa unga wa mbao hiyo ni kiberiti. Ifunge ukutani nje, kwenye kizimba cha bati chenye matundu, na swichi yake ya joto ipelekwe ikakate kontakta inayolisha inveta. Ukizima inveta usifungue kifuniko papo hapo: kapasita zake hubaki na umeme, subiri dakika zilizoandikwa juu yake, kisha pima.

Mota yenye breki ya springi

Kwa winchi na chochote kinachoning'iniza mzigo, hakuna mjadala: breki ni ya springi, inayoshika umeme ukikatika. Shida yake ya joto huja kwa mlango wa nyuma. Bitana ikilika, pengo linaongezeka, koili inashindwa kuvuta sahani, na mota inafanya kazi huku breki imeshika nusu. Unadhani mzigo ni mzito, kumbe inajikaba. Pima pengo kwa filagaji (vibati vya kupimia unene wa mwanya) na urudishe kwenye kipimo cha mtengenezaji.

Mtego mwingine: mota hiyo ikiwekewa inveta, waya wa koili ya breki usichukue umeme wake kwenye vichwa vya mota. Inveta hutoa volti ndogo mwanzoni, breki haitafunguka. Itolee umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye laini, kupitia kontakta inayoamriwa na inveta.

Thamista, halafu pima joto lenyewe

Ninaposuka mota itakayofungwa breki, nazika thamista tatu (rezista zinazobadilika kwa joto) ndani ya koili, moja kila fezi, mfululizo. Zikiwa baridi, zote tatu pamoja hazizidi omu 750; joto likifika kiwango chake zinaruka kuwa maelfu, na rilei yake inakata. Zipime kwa mita ya volti ndogo tu. Ukizipiga kwa mega (kipimo cha insulesheni cha volti nyingi) zimekufa, na utalaumu aliyezisuka.

Rilei hiyo isikate kila kitu kwa pamoja. Ikikata wakati msumeno unazunguka, izime K1 na izuie kuwasha tena, lakini iache breki ifanye kazi yake mara hiyo moja. Mota ya moto kidogo ni afadhali kuliko mkanda unaozunguka bila mwenyewe.

Mota ya zamani isiyo na thamista nayo inapimika. Ifanyishe kazi saa nzima kwa kasi ya kuwasha na kuzima ambayo mteja huitumia kweli, kisha zima, funga kwa kufuli, na ndani ya nusu dakika pima tena ukinzani kwa ile betri. Shaba huongeza ukinzani kadiri inavyopata joto. Tuseme baridi ilikuwa omu 2.1 chumba kikiwa nyuzi 30, na sasa ni 2.9. Gawa 2.9 kwa 2.1, zidisha kwa 265 (yaani 235 jumlisha 30), kisha toa 235. Unapata nyuzi 131, wastani wa koili nzima. Kwa insulesheni ya daraja F, linalovumilia 155, unaishi, ingawa palipo na moto zaidi ya wastani pamebakiwa na nafasi ndogo. Kwa daraja B, lenye kikomo cha 130, punguza mkondo wa breki au idadi ya kuzima leo hii. Kila nyuzi 10 unazozidisha zinapunguza maisha ya vanishi kama nusu.

Kipimo hicho ni cha steta. Rota ipime kwa kipimajoto cha miale kwenye shafti karibu na beringi, na tumia pua. Halafu toa unga wa mbao kwenye kifuniko cha feni. Nimekutana na mota "zilizoungua kwa breki" ambazo feni yake ilikuwa haijavuta hewa tangu msimu uliopita.

Siku ya kukabidhi, washa msumeno, uache ufike kasi yake, kisha uzime kwa swichi kuu badala ya kitufe chekundu, mwenye mashine akiwa amesimama pembeni. Utazunguka zile dakika mbili tatu kama zamani, kwa sababu breki ya DC inakula umeme na umeme haupo. Mwoneshe mpaka mkanda usimame kabisa, kisha bandika kwenye mlango wa paneli namba ya kuzima kwa saa na onyo kwamba TANESCO wakikata, mikono ikae mbali na meza. Ukiona vijana wake bado wanapangusa unga kwa mkono, waachie brashi yenye mpini mrefu. Mimi huiweka kabisa kwenye ankara.